Mama Povu na Mguu wa Fundi

Ukitaka kumuudhi Mama Povu, huna haja ya kumtukana. Mwambie tu kwamba kola ya shati ulilompelekea bado ina mstari. Atakunyang'anya shati mikononi, atalipeleka mlangoni kwenye mwanga, atalichungulia mbele na nyuma, na hata kama mstari wenyewe ni kivuli cha kidole chako, atalirudisha kwenye beseni bila kukujibu. Kesho yake utalikuta jeupe hadi linaumiza macho, na utalikuta na maneno yake. "Haya, chukua. Na ukiona doa tena humu, nenda kapimwe macho."

Jina la Mama Povu alipewa na wateja, naye akalipokea kwa sababu lilisema kweli. Kwake yeye sabuni isiyotoa povu si sabuni, ni tope lililotiwa manukato. Povu ndilo linaloingia kwenye uzi na kuutoa uchafu kwa nguvu. Maji yanakuja nyuma kumalizia tu. Hayo alifundishwa na shangazi yake, dobi wa kupigiwa mfano, ambaye alimlea na kumsimamisha juu ya kibao ili mikono ifike kwenye beseni. Tangu hapo hakuwahi kufanya kazi nyingine, wala hakuitamani. Chumba cha mbele cha nyumba yake kina mabeseni yaliyopangwa ukutani, meza ya pasi iliyofunikwa blanketi kuukuu, na uani kamba za nguo zimepishana hata mgeni lazima ainame. Ukiingia tu unapokelewa na harufu ya sabuni na wanga.

Chumba cha pembeni, kinachotazama barabara, ni cha mumewe, fundi cherehani. Wawili hawa walikutana kwa aibu. Mama Povu, wakati huo bado msichana, aliisugua kola ya shati la mteja mkali mpaka ikachanika. Akakimbilia kwa fundi huku machozi yanamlengalenga. Fundi akaing'oa ile kola, akaigeuza, akaishona upya, mchaniko ukalala upande wa chini usionekane na mtu. Alipomkabidhi shati alimwambia, "Dada, hivi hili shati lilikukosea nini?" Msichana akacheka mpaka akasahau alikuwa analia. Basi, mambo yakaanzia hapo. Sasa binti yao wa pekee ameshaolewa na kuhamia mbali, na mle ndani wamebaki watatu: Mama Povu, fundi, na wifi yake, dada mkubwa wa fundi, aliyekuja kuishi nao baada ya kufiwa na mume. Huyo wifi mtu hana msiba unaoweza kumfunga mdomo.

Kidonda chenyewe kilianza kama mchezo. Mkasi mkubwa wa kukatia vitambaa vizito uliteleza mezani, ukamchoma fundi kwenye muundi, juu kidogo ya kifundo cha mguu wa kulia. Kajeraha ka kufungwa kipande cha pamba na kusahauliwa. Kakakataa kufunga. Kakapanuka polepole, kakapata kingo, kakaanza kutoa maji, na baada ya muda kakawa kile watu wanachokiita kidonda ndugu, yaani kile ambacho kikishaingia nyumbani hakina mpango wa kuondoka.

"Ndugu gani huyu," wifi akasema, "mbona hatukuitwa siku ya kuzaliwa kwake? Na analala kitanda kimoja na wewe, wifi yangu, hata kutambulishwa hatujatambulishwa!"

Siku hizo walikuwa bado wanacheka, na fundi mwenyewe alicheka kuliko wote.

Zahanati ilikuwa na chumba cha vidonda, na muuguzi wake alikuwa dada mmoja mwembamba, mpole, asiye na haraka. Alikisafisha kidonda kwa maji ya chumvi, akaweka gozi, kile kitambaa chepesi cha kufunika kidonda, kisha akaufunga mguu wote kwa bandeji ya kubana kuanzia vidoleni hadi chini ya goti. Alieleza kila kitu. Mishipa ya mguu huu imechoka, akasema, damu inashuka vizuri lakini kupanda inapanda kwa shida, ndiyo maana mguu unavimba na kidonda hakifungi. Bandeji inausaidia mguu kuirudisha damu juu. "Kwa hiyo, mama, isifunguliwe mpaka mrudi wiki ijayo. Hata kidogo."

"Sawa, mwanangu," Mama Povu akaitikia, lakini aliitikia kama mtu anavyoitikia salamu.

Wiki nzima! Njia nzima alikuwa anatikisa kichwa. Mtu akivaa soksi siku mbili watu wanafungua madirisha, leo kitambaa kilale juu ya kidonda wiki nzima, kinanyonya yale maji, kinachacha, halafu tuseme tunatibu? Yule binti ni msomi, sawa, lakini amewahi kufua? Mama Povu hakuona kwamba anamkaidi mtu. Aliona kwamba muuguzi ana wagonjwa wengi na hawezi kumwosha kila mmoja kila siku, ndiyo maana anasema wiki. Mwenye mke dobi hana shida hiyo.

Kwa hiyo kila asubuhi, kabla hajagusa nguo ya mteja yeyote, alimkalisha mumewe kwenye kiti cha uani, akafungua bandeji, na kazi ikaanza. Maji yaliyochemshwa na sabuni kwanza. Kisha kitambaa safi, akasugua mpaka ule utando wa majimaji uondoke na nyama iwe nyekundu. Mwishoni kabisa ndiyo ikaja ile dawa ya chupa ya kahawia aliyoinunua duka la dawa, ile ambayo ukiimimina kwenye kidonda inachemka na kutoa povu jeupe. Alipoliona lile povu, moyo wake ulitulia. Hiyo ndiyo dawa! Inafanya kazi unaiona! Bandeji nayo aliifua, akaianika, akaipiga pasi, akaifunga tena kwa kuilegeza, maana fundi alikuwa analalamika inambana.

Fundi alishika mikono ya kiti na kutazama juu. Maumivu yale si ya kusimulia. Lakini alimwona mkewe anavyokunja uso kila anapomgusa, anavyopuliza kidonda kama anapuliza uji wa mtoto, na hakuwa na moyo wa kumwambia aache. Siku za kliniki wagonjwa walifunguliwa bandeji barazani na msaidizi ili foleni iende, kwa hiyo muuguzi hakuwahi kuiona ile bandeji iliyopigwa pasi. Aliona kidonda tu, na kila wiki alizidi kushangaa.

Kidonda kikafikia ukubwa wa kiganja. Harufu ikaanza. Hapo ndipo muuguzi alipomwita daktari.

Daktari alikuwa mtu wa makamo, mnene kidogo, mwenye tabia ya kuvua miwani kila anapotaka kusema jambo zito. Aliivua. "Mzee wangu, sitakuzungusha. Nina hofu mbili. Ya kwanza, kidonda kikikaa muda mrefu namna hii, wakati mwingine kingo zake hugeuka saratani. Nitakata kipande kidogo sana cha ukingo, tukapime. Ya pili, hata kama si saratani, kikiendelea kuchimba kitafika kwenye mfupa. Kikifika kwenye mfupa, itabidi tuukate mguu chini ya goti."

Fundi akajaribu kucheka. "Daktari, mimi nashona kwa cherehani ya kukanyaga. Huu mguu ndio unaoshona. Mikono inasaidia tu."

Hakuna aliyecheka. Walirudi nyumbani, na wifi alipowaona nyuso hakuuliza, akaenda kupanga vyombo vilivyokuwa vimeshapangwa. Mama Povu aliingia chumbani akajifungia, akalia kwa kuuma kona ya kanga asisikike. Kisha akafanya kile alichojua kufanya. Aliongeza. Badala ya kuosha asubuhi tu, akawa anaosha asubuhi na jioni, na povu akalizidisha.

Majibu yalipotoka waliitwa wote wawili. Daktari alianza na lile lililokuwa linawanyima usingizi. Si saratani.

"Ahsante Mungu!" Mama Povu akapiga makofi, akataka hata kumkumbatia muuguzi. Lakini daktari alikuwa ameivua tena miwani.

"Kuna jambo sielewi," akasema. "Kingo za kidonda hiki ni nzima. Tena zinafanya kazi kwa bidii. Lakini juu yake kila kitu kimeungua, kama mtu aliyemwagiwa dawa kali. Nyumbani nani anakiosha?"

"Mimi, daktari!" Mama Povu akajibu, kifua mbele. Alikuwa amesubiri siku nyingi mtu aulize. "Kila siku iendayo kwa Mungu. Siku hizi asubuhi na jioni. Maji ya moto na sabuni, nakisugua vizuri, halafu namalizia na ile dawa ya povu. Povu linatoka hilo! Bandeji nafua mwenyewe na kupiga pasi. Hapo huwezi kukuta uchafu hata wa kutafuta kwa tochi."

Muuguzi, aliyekuwa anapanga vifaa, akaviweka chini taratibu. Fundi akaangalia sakafu. Hapo Mama Povu mwenyewe akaanza kuhisi ametoa jibu baya, ila hakujua limekosea wapi.

Daktari hakumgombeza. Ingekuwa afadhali angemgombeza. Alimwambia kwa upole, "Mama, njoo nikuonyeshe kitu," akampeleka chumba cha jirani, cha maabara, akamkalisha mbele ya hadubini. Akamwekea kioo chenye kile kipande cha ngozi, chembamba kuliko utando wa kitunguu, kilichotiwa rangi ya zambarau.

Mwanzoni Mama Povu hakuona kitu ila kope zake. Kisha akaona. Vijumba vidogo vidogo vimebanana, kila kimoja na doa jeusi katikati.

"Hizo ndizo seli," daktari akasema akiwa amesimama nyuma yake. "Ngozi yako, ngozi yangu, yote imejengwa kwa hizo. Mtu akiumia, seli za ukingoni zinajua kuna pengo. Hakuna anayeziambia, zinajua. Basi kila moja inaanza kula na kunenepa. Ikishanenepa, inanakili maagizo yake yote yaliyo ndani ya lile doa, kitu kwa kitu, ili yawe mafungu mawili yaliyo sawa. Kisha inajigawa. Moja inakuwa mbili, mbili zinakuwa nne, na zile mpya zinatambaa kuingia kwenye kidonda, zinashikana, zinasogea. Zikikutana na wenzao wa ng'ambo na kugusana, zinasimama. Hapo kidonda kimefunga. Sasa tazama hapo kwenye ncha ya mshale, ule mdogo ulio ndani ya lenzi. Unaona nini?"

Mama Povu akafumba jicho moja. Kwenye ncha ya mshale kulikuwa na seli moja tofauti na nyingine. Doa lake halikuwa doa tena. Lilikuwa vijiuzi vyeusi, vimejitenga makundi mawili, moja huku na moja kule, kama watu wawili wanaokamua shuka, kila mmoja ameshika upande wake anavuta. Na katikati kiuno cha ile seli kilikuwa kimeanza kubonyea.

"Imefanyaje hii?"

"Nilipokata kile kipande, hii ilikuwa katikati ya kujigawa. Imekamatwa ikiwa kazini. Ukisogeza kioo utaziona na nyingine. Nyingi tu, mama. Mguu wa mumeo unajitahidi kuliko miguu mingi niliyowahi kuipima."

"Sasa mbona hakifungi?"

Daktari akavuta kiti akakaa. "Kwa sababu seli mpya haina ngozi ngumu. Ni laini, na inahitaji majimaji ili itambae. Ule utando unaousugua, nusu yake ndiyo barabara yao. Na ile dawa haijui kuchagua. Lile povu siyo uchafu unaotoka. Ni dawa inakutana na nyama hai, na inaua kila inachokigusa, vijidudu pamoja na seli. Zinazaliwa usiku, asubuhi zinakwisha. Na bandeji ikishalegea, mguu unavimba tena."

Mama Povu hakuinua jicho kwenye hadubini. Alikuwa anaitazama ile seli moja. Imekula, imenenepa, imenakili kila kitu chake bila kukosea, imejipanga iwe mbili. Halafu yeye anakuja na kitambaa.

"Kwa hiyo ni mimi," akasema. Sauti ilitoka ndogo sana. "Daktari, mimi ndiye ninayemkata mume wangu mguu."

"Bado haujakatwa," daktari akajibu. "Na mimi sitaki kuukata. Mpaka mwisho wa mwezi ujao, mama, mkono wako usikiguse kidonda hiki. Muuguzi atafunga, muuguzi atafungua. Kikianza kusogea, mguu unabaki. Kisipoanza, tutazungumza habari ya goti."

Walipotoka nje fundi alimshika mkewe mkono, akamwambia hakuna ubaya, hukujua. Mama Povu alitamani ardhi ipasuke. Mikono ambayo maisha yake yote alijivunia, siku hiyo aliificha chini ya kanga kama mikono ya mwizi.

Basi likaanza zoezi la kutofanya kitu, na hakuna kazi ngumu kama hiyo kwa mtu aliyezoea kazi. Asubuhi miguu yake ilimpeleka yenyewe kwenye kiti cha uani, akafika, akakumbuka, akarudi. Mikono ikawashwa na uvivu. Akafua mapazia. Akafua vitambaa vya makochi. Akafua mapazia tena. Akatoa foronya zote kabatini, zile ambazo hazijawahi kulaliwa, akazifua na kuzitia wanga mpaka zikawa zinasimama zenyewe. Wateja walishangaa nguo zao zinatoka kabla ya siku. Siku moja wifi alimkuta anamtazama kwa jicho fulani, akarudi nyuma hatua.

"Wifi, gauni hili nimelivaa. Usinivue nikiwa hai!"

Mama Povu akacheka, cheko la kwanza baada ya siku nyingi. Lakini kilichokuwa kinamsumbua hakikuwa cha kuchekesha. Harufu ya bandeji iliyokaa ilimfuata kila chumba. Kila alipoisikia, kitu ndani yake kilimwambia wewe ni mchafu, wewe ni mke gani, mumeo ananuka na wewe unapiga pasi mashati ya watu. Hapo alijikaza kisabuni, akafunga macho, akajaribu kuiona ile seli yenye vijiuzi vinavyoachana. Pengine saa hii hii kuna moja inajigawa mle ndani, akajisemea. Tulia, mama wee. Iache imalize.

Kliniki ya kwanza, muuguzi alisema kidonda kimetulia. Ya pili akasema naona kama kingo zimelala, lakini tusishangilie. Kati ya hapo na kliniki iliyofuata ndipo palipokuwa na kazi.

Ilikuwa mchana wa joto kali. Fundi alikuwa amekaa mbele ya cherehani isiyokanyagwa, mguu umenyooshwa juu ya stuli, na alikuwa amebadilika rangi. Kidonda kilikuwa kinamwasha. Siyo kuwasha kwa kawaida, kuwasha kwa kumtia mtu wazimu. Bandeji ilikuwa imelowa na kupiga duara la rangi ya chai.

"Nioshe," akasema. "Kidogo tu. Maji matupu, usitie hata sabuni. Nioshe halafu ufunge."

"Haiwezekani, baba. Unajua haiwezekani."

"Nakwambia kinanitafuna! Kuna kitu kinatembea humu ndani!"

"Vumilia. Kliniki si keshokutwa?"

Fundi, mtu ambaye kwa miaka yote waliyoishi pamoja hakuwahi kumpandishia sauti, akapiga meza kwa kiganja hadi pini zikaruka. "Ulipokuwa unanipenda ulikuwa unaniosha! Sasa umenichoka. Nguo za wapita njia unazifua mpaka zinang'aa, mumeo umemwacha aoze."

Mama Povu alisimama pale pale kama aliyepigwa kofi. Kisha akatoka, akaenda uani, akakaa kwenye kile kiti. Alilia waziwazi safari hii, bila kanga mdomoni. Hajawahi kuambiwa neno likaingia ndani namna ile.

Alipoinua kichwa akamwona wifi anatoka jikoni na birika la maji ya uvuguvugu na kitambaa begani. Hana utani usoni. "Wewe kama umeshindwa, mimi ni damu yake," akasema. "Nitamwosha mdogo wangu."

Mama Povu akainuka, akaenda kusimama mlangoni mwa chumba cha fundi, mikono imeshika fremu huku na huku. "Hupiti."

"Nipishe, wifi."

"Hupiti, nasema! Kama ni kunichukia nichukieni wote wawili, ila mguu ule hauguswi. Unadhani siumii? Unadhani mimi sitaki kuliko wewe? Mimi nimeziona, wifi. Nimeziona kwa jicho langu."

Wifi hakujua ameona nini, lakini alijua sura ya mtu anayesema kweli. Akaliweka birika chini.

Chupa ya kahawia ilikuwa bado kabatini, nusu imejaa. Mama Povu hakuwa na moyo wa kuitupa. Siku hiyo aliitoa, akaenda nayo hadi kwenye mtaro wa maji machafu nyuma ya nyumba, akaimimina yote. Dawa ikachemka mle mtaroni, ikatoa povu jeupe juu ya tope, kwa bidii ile ile. Alisimama akaliangalia mpaka likaisha. Tope lilibaki tope.

Kisha akafunga kanga vizuri akaenda zahanati kwa miguu, haraka haraka, jua la utosini. Alimkuta muuguzi anakula. Akamweleza yote, kuwasha, maji, hasira, hata yale maneno. Muuguzi akamuuliza kama kuna homa, kama mguu ni wa moto, kama wekundu unapanda juu. Hakuna. Muuguzi akaacha kula, akamshika mkono.

"Mama yangu, kidonda kibaya kinauma. Kinachofunga ndicho kinachowasha mara nyingi. Weka kitambaa kikavu nje ya bandeji, usifungue. Mwambie baba avumilie siku mbili."

Alirudi akamwambia. Fundi alikuwa amegeukia ukuta. Aliruhusu kitambaa kifungwe, lakini hakusema neno, wala jioni ile hakusema, wala kesho yake. Mama Povu alimpelekea chakula, akatoa vyombo, akapiga pasi, akanyamaza naye. Aliona bora mume mzima aliyenuna kuliko mume mchangamfu wa mguu mmoja. Hata hivyo moyo ulimuuma.

Siku ya kliniki muuguzi, kama daktari alivyoagiza, hakungoja msaidizi wa barazani. Alifungua bandeji mwenyewe, mzunguko baada ya mzunguko, na Mama Povu alikaa kwenye benchi la ukutani na macho ameyafumba. Alisikia gozi linabanduka. Alisikia maji ya chumvi yanamiminwa. Kisha hakusikia kitu, na alipokuwa anajiandaa kupokea habari mbaya, akasikia mlango unafunguliwa na muuguzi anaita ukumbini, "Daktari! Daktari, njoo uone."

Ndipo alipofumbua macho. Kidonda kilichokuwa na ukubwa wa kiganja kilikuwa kimerudi nyuma pande zote. Kukizunguka, pale palipokuwa na nyama tupu, kulikuwa na ngozi mpya, nyembamba, ya waridi, inang'aa kwa unyevu, na katikati kumeota visiwa viwili vidogo vya ngozi hiyo hiyo, kama vilivyochoka kungoja ukingo uvifikie.

Daktari aliinama akaangalia karibu sana. Safari hii hakuivua miwani. "Haya yote," akasema huku akizungusha kidole hewani juu ya ile ngozi, "hayakuwepo mlipokuja hapa kupokea majibu. Hakuna hata seli moja hapa iliyokuwa imezaliwa siku ile." Akanyooka, akamtazama fundi. "Mzee, mguu huu hatuukati. Una safari bado, miezi, na bandeji utavaa hata ukishapona. Lakini ni mguu wako."

Fundi akafunika uso kwa mikono. Mabega yakamtikisika. Muuguzi alimwacha, akaanza kufunga bandeji mpya, akibana vizuri kuanzia vidoleni, na alipomaliza akatoka na daktari kwenda kwa mgonjwa mwingine.

Wakabaki wawili.

"Mke wangu," fundi akasema. "Yale maneno ya juzi."

"Maneno gani?"

"Unayajua."

"Wala siyajui."

Alikuwa anayajua yote, moja baada ya jingine, na yalikuwa bado yanamchoma. Lakini alimtazama mumewe, uso umelowa, pua inamtoka, anasubiri jibu kwa hofu kubwa kuliko aliyokuwa nayo alipokuwa anamsubiri daktari, na akaona hana haja ya kuyabeba mpaka nyumbani. Akatoa ncha ya kanga akamfuta uso, taratibu kabisa, bila kusugua.

"Inuka twende," akamwambia.

Fundi akashika bega lake, akasimama kwa miguu yote miwili.